Laki Nane Waliotoweka: Kisa cha Marekani Ilipowahesabu Wenye Maradhi ya Viungo

Mwezi Januari mwaka 2008, jopo la wataalamu wa Marekani linaloshughulikia takwimu za maradhi ya viungo lilichapisha makala mbili zilizofuatana, likijaribu kujibu swali linaloonekana jepesi: katika nchi ile yenye watu takribani milioni 300, ni wangapi wanaougua maradhi ya viungo, mifupa na misuli ambayo madaktari huyatia katika kapu moja na kuyaita magonjwa ya rumatiki? Majibu yalikuwa mazito. Watu wazima milioni 46.4, yaani zaidi ya asilimia 21, walisema kuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana athraitisi, yaani uvimbe na maumivu ya viungo, ya aina fulani. Wenye osteoathraitisi, ugonjwa ambao kwetu mtu husema magoti yamesagika au ute umekwisha, walikadiriwa kukaribia milioni 27, ilhali kwa mwaka 1995 walikadiriwa kuwa milioni 21. Wenye jongo, yaani gauti, walifika milioni 3.0 kutoka milioni 2.1. Waliopata maumivu ya kiuno na mgongo wa chini katika miezi mitatu iliyotangulia mahojiano walikuwa milioni 59.

Katikati ya namba hizo zilizopanda, moja ilishuka. Athraitisi ya rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ngozi laini inayozunguka viungo hadi vikavimba, vikakakamaa na hatimaye kupinda, ilikadiriwa kuwapata watu wazima milioni 1.3. Jopo hilohilo, katika makadirio yake yaliyochapishwa mwaka 1998, lilikuwa limesema ni milioni 2.1. Watu laki nane wakawa wametoka kwenye hesabu ya taifa bila msiba wala karamu ya kupona. Ugonjwa huu hauna tiba inayouondoa. Dawa mpya zilizoanza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1990 hutuliza uvimbe na kuzuia mifupa isiliwe, lakini mtu anayezitumia bado ni mgonjwa na bado anastahili kuhesabiwa. Basi walikwenda wapi?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo ripoti nyingi za afya hulipita haraka. Namba ya taifa kuhusu maradhi ya viungo hupima kwanza swali lililoulizwa na daftari lililofunguliwa, kisha ndipo hupima ugonjwa. Sisemi hivyo ili kuzidharau hesabu hizo. Wataalamu wa jopo lile waliandika waziwazi, ugonjwa kwa ugonjwa, walikozitoa namba zao na udhaifu wa kila chanzo, na uaminifu huo ndio unaotuwezesha leo kuwafuatilia watu laki nane hadi mahali walipopotelea.

Swali moja lenye mitego minne

Tuanze na ile namba kubwa ya milioni 46.4. Ilitoka katika utafiti wa kitaifa wa mahojiano ya afya, ujulikanao kwa kifupi kama NHIS, ambao Marekani imekuwa ikiufanya tangu mwaka 1957. Mhojaji huzungumza na mtu mzima mmoja kutoka kaya iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na kati ya maswali mengi humuuliza hili: je, umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya kwamba una aina fulani ya athraitisi, athraitisi ya rumatoidi, jongo, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia) au fibromialjia (maumivu ya muda mrefu ya misuli mwili mzima)? Jibu ni ndiyo au hapana. Hakuna anayemshika mtu huyo goti, hakuna damu inayochukuliwa, hakuna picha ya eksirei inayopigwa. Mhojaji huweka alama na kuendelea na swali linalofuata.

Kila neno katika swali hilo lina kazi yake. "Umewahi" huchukua maisha yote ya mtu, kwa hiyo aliyeugua jongo mara moja miaka ishirini iliyopita na hajarudiwa tena anahesabiwa sawa na anayeshindwa leo kuvaa kiatu. "Kuambiwa" hutegemea kumbukumbu ya msikilizaji na lugha ya msemaji, maana daktari anaweza kumwambia mgonjwa kwamba hayo ni mambo ya umri tu, akampa dawa ya maumivu, na jina la ugonjwa lisitajwe kabisa. "Daktari" humtaka mtu awe amekwenda hospitali, katika nchi ambayo mamilioni hawakuwa na bima ya afya. Na maradhi yale matano yaliyopangwa mstari mmoja huingia kwenye ndiyo moja, ingawa jongo na lupasi havihusiani kwa chanzo wala kwa tiba.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 50 ambaye magoti humuuma kila anapochuchumaa, naye hufunga kitambaa, humeza vidonge alivyonunua mwenyewe dukani na kuendelea na kazi. Akiulizwa swali hili atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Katika takwimu za taifa, magoti yake ni mazima.

Watu wa aina yake wamewahi kuhesabiwa, kisha wakatolewa. Mwaka 2001, utafiti mwingine wa serikali unaofanywa kwa simu katika majimbo yote uliwaweka pamoja walioambiwa na daktari na wale wenye dalili za muda mrefu kwenye viungo, ukapata asilimia 33, yaani watu wazima wapatao milioni 70. Mwaka uliofuata fasili ilibadilika. Walioambiwa na daktari wakawa ndio wenye athraitisi, nao kwa NHIS ya mwaka 2002 walikuwa milioni 42.7, huku wengine milioni 23.2 wenye dalili lakini wasio na kauli ya daktari wakiwekwa kwenye safu yao ya pembeni. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya 70 na 42.7 ilitokana na mpaka uliochorwa upya. Mpaka wenyewe ulikuwa na hoja nzuri, kwani dalili peke yake humwingiza hata kijana aliyeteguka kifundo cha mguu uwanjani, na serikali ilitaka kipimo kitakachobaki vilevile mwaka hadi mwaka ili mwelekeo uonekane. Tatizo ni kwamba safu ya pembeni husahaulika. Mwandishi wa habari hunukuu namba moja, mbunge hunukuu kutoka kwa mwandishi, na milioni 23.2 hukosa wa kuwasemea.

Je, swali lile linakosea kwa kiasi gani? Lilijaribiwa huko Massachusetts, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kwa kuwalinganisha waliojibu na matokeo ya kupimwa na daktari wa viungo. Kwa watu wa miaka 45 hadi 64, swali lilinasa nusu tu na kidogo ya wale ambao uchunguzi uliwakuta na ugonjwa. Kwa wenye miaka 65 na zaidi lilinasa karibu saba kati ya kila kumi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Boston, mmoja wao akiwa David Felson, ambaye amefanya kazi kwa miongo mingi juu ya osteoathraitisi, waliirudia hesabu ya mwaka 2015 kwa kuzingatia kasoro hiyo na kwa kuzirudisha mezani dalili zilizoachwa pembeni. Makadirio rasmi ya kipindi kile yalikuwa milioni 54.4. Yao, yaliyotoka mwaka 2018, yalikuwa milioni 91.2, sawa na asilimia 36.8 ya watu wazima, na kati yao milioni 61.1 walikuwa hawajafikisha miaka 65.

Hapo ndipo yule fundi seremala anaporudi kwenye hesabu. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wazee ukaonekana kuwa wa watu walio katikati ya umri wa kufanya kazi, ambao ndio hasa wasiokwenda hospitali kwa sababu ya goti. Kwa maoni yangu, ile milioni 54.4 inafaa kuchukuliwa kama sakafu: chini yake hatushuki, ila nyumba yenyewe iko juu. Milioni 91.2 nayo imejengwa juu ya makadirio ya makosa ya swali, na mtu akiyabadilisha makadirio hayo kidogo, jibu pia husogea. Hata hivyo, ukiniuliza ipi kati ya namba hizo mbili iko karibu zaidi na maumivu ya watu, nitachagua ya pili.

Mwendo wa namba rasmi baada ya hapo unathibitisha jambo lilelile. Kwa miaka 2016 hadi 2018 walikuwa milioni 58.5. Kwa miaka 2019 hadi 2021 wakawa milioni 53.2, katika taifa ambalo wazee wanaongezeka na unene haujapungua. Kati ya vipindi hivyo, mwaka 2019, dodoso la NHIS liliundwa upya, na mtu anayezilinganisha namba hizi mbili bila kulijua hilo anaweza kuandika kwamba Wamarekani wameanza kupona.

Majalada ya Rochester

Athraitisi ya rumatoidi haiwezi kuhesabiwa kwa swali la mlangoni. Watu wengi wanaosema wana rumatoidi, wakichunguzwa, hukutwa na osteoathraitisi au maumivu mengine, kwa sababu majina hayo hufanana masikioni na daktari mwenye haraka hakufafanua. Kwa hiyo jopo lilikwenda mahali tofauti kabisa: kwenye kabati za majalada za mji wa Rochester, wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota.

Mji huo ndio makao ya hospitali kubwa ya Mayo Clinic. Mwaka 1907, daktari mmoja wa hapo, Henry Plummer, aliweka utaratibu ambao wakati huo ulikuwa mgeni: kila mgonjwa awe na namba yake na jalada lake moja, na kila daktari atakayemwona, awe wa macho, wa moyo au wa mifupa, aandike humohumo. Kabla ya hapo, daktari aliandika katika kitabu chake mwenyewe, na habari za mgonjwa mmoja zilitawanyika katika vyumba vingi. Mwaka 1966 mtaalamu Leonard Kurland alianzisha mradi wa kuyaunganisha majalada ya watoa huduma wa wilaya nzima, na kwa kuwa karibu wakazi wote wa Olmsted hutibiwa papo hapo, mtafiti aliweza kuifungua historia ya afya ya jamii nzima, tangu mtu alipolalamika mara ya kwanza hadi alipofariki.

Inafaa kuisogelea kazi hiyo tuione inavyofanyika. Kwanza hutafutwa majalada yote yenye alama ya ugonjwa wa viungo unaoshukiwa. Kisha msomaji aliyefunzwa huyapitia ukurasa kwa ukurasa, akiwa na vigezo saba vilivyowekwa mwaka 1987 na chuo cha madaktari wa magonjwa ya rumatiki cha Marekani. Mgonjwa akiamka asubuhi, je, viungo hubaki vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea? Je, uvimbe uko katika maeneo matatu au zaidi ya viungo? Je, viungo vya mikono vimo? Je, pande zote mbili za mwili zimeshikwa kwa ulinganifu, mkono wa kushoto ukifanana na wa kulia? Je, kuna vinundu chini ya ngozi, je, damu ina kingamwili ya rumatoidi (kwa Kiingereza rheumatoid factor), je, picha za mikono zinaonyesha mfupa ulioliwa? Vinne vikitimia, na vile vinne vya mwanzo vikihitaji kuwa vimedumu wiki sita, jina huandikwa. Vikiwa vitatu, jalada hurudishwa kabatini.

Sasa tunaweza kuanza kuwaona laki nane. Vigezo vya zamani vya mwaka 1958 vilikuwa na ngazi: rumatoidi kamili, ya hakika, ya kuelekea na ya kushukiwa. Vile vya 1987 viliziondoa ngazi za chini, na watu waliokuwa wakihesabiwa kwa kushukiwa wakabaki nje. Hao walipotea karatasini tu. Lakini kuna wengine ambao hawakuwepo kwa kweli. Majalada ya Rochester yalionyesha kuwa wagonjwa wapya walipungua muongo baada ya muongo: kutoka 61.2 kwa mwaka katika kila watu wazima 100,000 kwa miaka 1955 hadi 1964, hadi 32.7 kwa miaka 1985 hadi 1994. Idadi ya wagonjwa wapya, katika wilaya ile, ilikuwa imepungua karibu nusu. Wagonjwa wa zamani walipofariki kwa uzee, waliofuata kuchukua nafasi zao walikuwa wachache. Kufikia mwaka 1995 walio na ugonjwa walikuwa kama 6 katika kila watu wazima 1,000, na kiwango hicho, kilipozidishwa kwa watu wazima wa taifa, ndicho kilichozaa milioni 1.3.

Kwa hiyo makala za 2008 zilikuwa na haki ya kushusha namba. Ila angalia zilivyoshusha. Olmsted kwa sensa ya mwaka 2000 ilikuwa na watu wapatao 124,000, na takribani tisa kati ya kumi walikuwa Wazungu, wengi wakiwa na asili ya Ulaya ya kaskazini. Kila mkazi wa wilaya ile alisimama badala ya Wamarekani zaidi ya elfu mbili, wakiwemo weusi wa Alabama, wenye asili ya Mexico walioko Texas, na Wapima wa Arizona, watu wa asili ambao tafiti zilizoanza miaka ya 1960 ziliwakuta na rumatoidi kwa kiwango kilichokizidi cha Wazungu mara kadhaa.

Tena, hesabu ya mwaka 2008 ilitegemea picha ya mwaka 1995. Watafiti haohao wa Rochester waliporudi kabatini na kutoa matokeo mapya mwaka 2010, walikuta kuwa kiwango kimepanda kutoka asilimia 0.62 mwaka 1995 hadi asilimia 0.72 mwaka 2005, jambo lililoifikisha hesabu ya taifa kwenye milioni 1.5. Wagonjwa wapya wa kike walikuwa wameongezeka kwa asilimia 2.5 kila mwaka tangu 1995 hadi 2007, ilhali wanaume hawakuongezeka. Watafiti walitaja uvutaji wa sigara, upungufu wa vitamini D, na vidonge vya kupanga uzazi vya siku hizi vyenye homoni ya estrojeni kidogo kuliko vya zamani kuwa huenda vimechangia, bila kuthibitisha hata kimoja. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya asilimia katika wilaya moja, ikizidishwa kwa taifa, ikawarudisha watu laki mbili kwenye hesabu.

Kwa watoto mambo yalikwenda kinyume. Makadirio ya zamani yalisema watoto wenye rumatoidi ya utotoni ni kati ya 30,000 na 50,000. Makala ya 2008 ikasema watoto wenye athraitisi ni 294,000. Hakuna tauni iliyowapata watoto wa Marekani. Hesabu mpya ilitokana na rekodi za watoto waliofika kliniki, na kapu lake lilibeba aina nyingi zaidi za maradhi ya viungo kuliko lile la kwanza.

Lupasi na watu wasiokuwepo kabatini

Upungufu wa kabati la wilaya moja unauma zaidi kwenye lupasi. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, ngozi, figo, moyo na hata ubongo, na wanaougua ni wanawake kwa sehemu kubwa mno, wengi wakiwa vijana. Jopo la 2008 lilitoa makadirio mapana: watu wazima 161,000 kwa walio na hakika, 322,000 ukiwaongeza wanaoshukiwa. Wakati huohuo Lupus Foundation of America, shirika linalowatetea wagonjwa, lilikuwa likitaja watu milioni 1.5 wenye lupasi ya aina zote, ikiwemo ile ya ngozi peke yake. Kati ya namba ya chini na ya juu kulikuwa na tofauti ya zaidi ya mara tisa, na mtunga sera angeweza kuchagua aipendayo.

Serikali kuu ikagharamia madaftari maalumu ya lupasi katika maeneo matano: Georgia, Michigan, California, New York na vituo vya huduma ya afya ya watu wa asili. Maeneo hayo yalichaguliwa makusudi kwa sababu watu wanaougua zaidi wako huko. Matokeo yake, yalipounganishwa katika uchambuzi uliotoka mwaka 2021, yalitoa wagonjwa wapatao 204,000 kwa taifa zima, namba isiyo mbali na ile ya jopo. Thamani yake kubwa iko katika mgawanyo. Katika kila wanawake weupe 100,000, wenye lupasi walikuwa 84.7. Katika kila wanawake weusi 100,000 walikuwa 230.9, na kwa wanawake wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska 270.6. Wastani wa taifa ulikuwa 72.8. Mwanamke mweusi wa Atlanta akisoma wastani huo anasoma habari za mtu mwingine, na daktari wake akiubeba kichwani anaweza kumpima mambo mengine yote kabla ya kuufikiria ugonjwa unaoharibu figo zake. Katika kisa chote hiki hapa ndipo ninapoona gharama ya kuhesabu mahali palipo rahisi kuhesabu, na siwezi kuiandika kama jambo la kitaalamu tu.

Goti la pichani na goti la ngazini

Kuna waliodhani kwamba mashine itamaliza ubishi: piga picha, hesabu viungo vilivyoharibika. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka 1988 hadi 1994, ambao uliwapima watu miili badala ya kuwauliza tu, uliwapiga picha za magoti watu wenye miaka 60 na zaidi. Asilimia 37.4 walikuwa na dalili za osteoathraitisi kwenye picha. Waliokuwa nazo na maumivu pia walikuwa asilimia 12.1. Karibu theluthi mbili ya waliohukumiwa na picha hawakulalamika, na madaktari wote wa viungo wamewaona wengine wanaolia kwa maumivu huku picha zao zikionekana safi. Jongo nalo linatoa somo la aina hiyo. Ile milioni 3.0 ya 2008 ilihusu waliosema wameugua katika mwaka uliopita. Utafiti wa miaka 2007 na 2008 uliouliza kama mtu amewahi kuambiwa ana jongo ulipata asilimia 3.9, watu wazima milioni 8.3.

Namba ambayo binafsi naiona inabeba ukweli mwingi zaidi haitajwi sana. Kati ya wale milioni 54.4 wa miaka 2013 hadi 2015, milioni 23.7 walisema athraitisi inawazuia kufanya shughuli zao za kawaida. Huyu ni mtu anayeushika mfuniko wa chupa kwa viganja viwili kwa sababu vidole havibani, anayeshuka ngazi kwa ubavu akishikilia reli, anayeomba kikombe chenye mkono mkubwa ili vidole vyote vinne vipite. Kwake, ubishi wa kama daktari alitaja jina la ugonjwa una uzito mdogo. Kwa upande wa fedha, matibabu na mapato yaliyopotea kwa ajili ya athraitisi mwaka 2013 yalikadiriwa kuwa dola bilioni 303.5, na zaidi ya nusu ilikuwa ni mapato, yaani kazi ambazo mikono na magoti yalishindwa kuzifanya.

Lingeulizwa kwa Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili anayelifuata swali la NHIS atakuwa amekwishaona linapokwama likiletwa kwetu. Sisi tuna neno moja, baridi yabisi, na yabisi maana yake ni kavu, kitu kilichokauka kikawa kigumu. Neno hilo limebeba rumatoidi, osteoathraitisi, kukakamaa kwa mgongo, na hata maumivu ya mtu aliyelala kwenye sakafu ya saruji wakati wa kipupwe. Ndani yake mna nadharia ya chanzo pia, kwamba baridi imeingia mwilini, na ndiyo maana wa kwanza kuulizwa huwa ni mkandaji au muuza mafuta ya kuchua, wala si daktari. Mdodosaji akiuliza "umewahi kuambiwa na daktari una baridi yabisi," atapata hapana nyingi kutoka kwa watu wasioweza kuchota maji kisimani, na ndiyo kadhaa kutoka kwa watu walioshikwa na homa.

Njia ya kulikwepa tatizo hilo ilibuniwa zamani. Mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani na umoja wa kimataifa wa vyama vya madaktari wa rumatiki walianzisha mpango uitwao COPCORD, uliokusudiwa kwa nchi zenye madaktari wachache, ambapo mdodosaji hupita nyumba kwa nyumba na hatumii jina la ugonjwa wowote. Huuliza maumivu, uvimbe na ukakamavu. Wenye dalili hufuatwa baadaye na daktari anayewapima kwa mikono yake. Katika kijiji cha Bhigwan, jimbo la Maharashtra nchini India, Arvind Chopra na wenzake walianza kazi hiyo mwaka 1996, wakawafikia zaidi ya watu wazima 4,000, na kukuta asilimia 18.2 wakiwa na maradhi ya aina hii. Rumatoidi ilikuwa asilimia 0.5, karibu sana na ile ya Olmsted, ingawa sehemu hizo mbili hazina kingine chochote kinachozifananisha.

Kifaa muhimu cha mdodosaji wa Bhigwan kilikuwa ni karatasi yenye mchoro wa mtu aliyesimama, mbele na nyuma, bila sura. Aliyeulizwa, awe amesoma au hajasoma, aliwekewa mchoro huo mbele yake aonyeshe panapouma, na mdodosaji akaweka alama pale kidole kilipogusa: bega, kifundo cha mkono, goti la kulia, kisha la kushoto.